Magonjwa Yangu Nimeyaandika Yote

Fungeni mlango wa barabarani, wanangu, si kwa ajili ya siri bali kwa ajili ya vumbi la pikipiki, kisha mje mkae karibu: Kasereka upande huu wa kichwa kwa sababu sikio lako la kushoto ni zito, Muyisa kwenye kiti cha baba yenu, na wewe Bénite kitandani, hapa miguuni pangu, usisimame kule kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Alichowaambia daktari jana, mimi aliniambia kabla yenu, kwa hiyo tusiipoteze asubuhi hii kwa kudanganyana. Ini limekwisha. Nguvu niliyo nayo labda ni ya saa moja, na nataka kuitumia kusema maneno yangu mwenyewe, mimi Agar, shemasi wa kanisa, muuza kakao, niliyewalea ninyi watatu peke yangu tangu lori lilipopinduka na baba yenu.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya Vulamba na kiwanja chake ni yenu wote, na isiuzwe wakati mmoja wenu hana pa kulala. Shamba la kakao la Kamango ni la Muyisa, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kulipalilia hata miaka ile ambayo watu wote waliikimbia njia. Kasereka, wewe ulipata gari mapema, na ulipolipata ulicheka meno yote nje, kwa hiyo sitaki mtu aje kuniambia kaburini kwamba umeanza kupima mipaka ya shamba la mdogo wako. Cherehani na vitenge vyangu ni vya Bénite. Hayo mlikuwa mnayajua. Ambalo hamlijui liko kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, katika bahasha ya kaki, na ndilo lililonifanya niwaite.

Nina bima ya maisha. Ndiyo, assurance, mimi mwenyewe niliyekuwa nikisema kwamba watu wa assurance wanauza upepo. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja, Jean-de-Dieu, alikuja kutueleza jambo hilo baada ya ibada, na wakati wanawake wenzangu wanacheka mimi nilikuwa namkumbuka mjomba wenu Ézéchias. Mnakumbuka alivyokufa kwa ugonjwa wa sukari, na mnakumbuka mke wake alivyorudi kutoka ofisi ya bima mikono mitupu, lakini sababu hamkuambiwa. Sababu ni kwamba kwenye karatasi yao, mbele ya neno sukari, Ézéchias alikuwa ameandika hapana, naye alikuwa anajidunga sindano kila asubuhi huku sisi wote tunamwona. Mke wake alikaa kwenye ngazi za ofisi ile mpaka mlinzi akamwomba aondoke. Tangu siku ile nilijiambia kwamba nikiweka jina langu kwenye karatasi ya namna hiyo, hakuna mtu atakayewafukuza watoto wangu kwenye ngazi.

Basi nikaenda bureau, ofisini kwao, nikakaa mbele ya Jean-de-Dieu, akatoa fomu yenye maswali kurasa nne, yote ya mwili wangu. Akaniuliza maswali mawili, akatazama saa, akacheka kwa upole.

"Mama, tusisumbukane. Weka non partout, hapana kila mahali. Batu bote banafanyaka vile."

"Na docteur wenu?"

"Docteur atapima tension ya damu, ataangalia macho, basi. Mambo ya zamani nani atajua?"

Nikamwambia, "Mwanangu, karatasi inaniuliza mimi, haikuulizi wewe. Nipe niende nayo nyumbani."

Nilikaa nayo wiki tatu. Mlidhani nasoma masomo ya shule ya Jumapili. Nilikuwa nakumbuka, na kukumbuka ugonjwa, wanangu, ni kazi, kwa sababu mtu akipona hukimbilia kusahau. Niliandika surua ya utotoni iliyonifunga macho mwezi mzima. Niliandika kifua kikuu nilichokipata nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipomeza vidonge kwa miezi mingi na mchumba wangu wa kwanza akatuma watu waje kudai mbuzi zao. Niliandika operesheni ya kukuzaa wewe Kasereka, waliponiteremsha mlimani kwa machela ya tipoyi, wanaume wanane wakipokezana, mvua inanyesha, na daktari akasema angalikata nusu saa baadaye angalitoa maiti mbili. Nilikwenda kwenye kituo cha afya nikamwomba muuguzi anitafutie daftari la zamani, akalikuta chini ya magunia ya vyandarua, limeliwa na panya pembeni, lakini jina langu lipo na tarehe ipo. Fomu ikauliza mimba ngapi, nikaandika saba, mbili zilitoka zikiwa changa. Ikauliza watoto walio hai, nikaandika watatu. Wewe unaitwa Kasereka kwa sababu ulikuwa wa tatu wa kiume, na hao wawili wa kabla yako hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao kwa miaka thelathini, ikaja kuniuliza karatasi. Nikawaandika kwa majina, Mumbere na Kambale, ingawa mstari ulikuwa mfupi.

Nikaandika homa ya matumbo mara mbili, mkono uliovunjika tulipokimbia vita, tension iliyonianza mwaka ule Muyisa alipofeli mtihani. Usiku sikuandika, niliandika mchana, mezani, miwani machoni, na kila nilipomaliza ukurasa nilijiona si mgonjwa, nilijiona mtu aliyebeba mizigo mingi na kuifikisha yote. Niliona fahari. Semeni mnavyotaka, niliuonea fahari mwili huu.

Halafu nikafika mstari wa kumi na saba. Uliuliza kama nimewahi kulazwa zaidi ya siku saba kwa ugonjwa wa kuambukiza, nitaje ugonjwa, mwaka na mahali. Kalamu ilisimama pale siku nne.

Nipe maji, Muyisa. Kidogo tu. Basi.

Sikilizeni sasa, na asiwepo wa kusimama mpaka nimalize. Mnajua mama yenu mdogo Orpa alikufa Beni, mwaka wa Ebola, akazikwa na watu wa riposte, wale wa kupambana na Ebola. Mliambiwa kwamba mimi sikufika kwake, kwamba nilikuwa Kamango, njia imefungwa, simu haishiki. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Nilifika. Nilimkuta mtaani Beu, kulekule Beni, chumbani kwake, sakafuni, majirani wamesimama barabarani hakuna anayevuka kizingiti, akaniambia, "Agar, usinikamate, banasema ni ile." Nikamkamata. Nilimwosha, nikambadilisha nguo, nikakaa naye mpaka gari lilipokuja. Siku ya tisa kichwa kikaanza kuniuma, na mimi nikaenda kwenye kituo cha Ebola kwa miguu yangu kabla sijamgusa mtu mwingine.

Nililala siku ishirini na tatu. Sitawaeleza yote. Waliotuhudumia tulikuwa tunaona macho yao tu nyuma ya plastiki, majina yao yameandikwa kifuani kwa kalamu, na kitanda cha kulia kwangu kilibadilisha watu mara nne. Mimi nilitoka. Walinipeleka kuoga, wakanivisha nguo mpya, nikapita mlangoni wakinipigia makofi, na nikapewa cheti kilichosema kwamba Agar amepona na hawezi kumdhuru mtu.

Bénite, usigeuze uso. Ndiyo, ilikuwa ni mwezi ule. Unahesabu, nakuona unahesabu.

Siku niliyotoka niliazima simu ya mlinzi nikampigia Kasereka, nikamwambia niko Kamango, akaniambia siku zako za kujifungua zimekaribia, na mume wako yuko safarini. Madaktari walikuwa wamekwisha kuniruhusu. Begi langu lilikuwa mkononi. Ningaliweza kukufikia siku ileile. Sitasema leo kwamba nilizuiwa, kwa sababu siwezi kuwaandikia ukweli wageni kisha nikakupa wewe uongo. Kulikuwa na woga, ni kweli: hapa Butembo watu walikuwa wanarusha mawe, walikuwa wanasema Ebola ni biashara, na wakwe zako walikuwa wameapa kwamba mtu yeyote aliyepita kule hatakanyaga kwao. Niliogopa wakufukuze na mimba yako kwa ajili yangu. Lakini woga haukuwa wote.

Muuguzi mmoja alinifuata getini, akaniambia, "Mama, ninyi muliopona munaweza kubeba batoto bila kuogopa. Sisi tunababeba na gants mikononi, na combinaison ya plastiki mwili muzima, batoto banatuogopa, banalia mpaka banakataa maziwa." Akanionyesha nyumba ndogo kando ya kituo. Ndani mlikuwa na vitoto ambavyo mama zao walikuwa wamelazwa, na hakuna shangazi wala nyanya aliyethubutu kuja kuvichukua. Cha kwanza nilichopewa kilikuwa na siku tisa, kinaitwa Kakule, mama yake alikuwa kwenye kitanda kile cha kulia kwangu. Nilimbeba, akanyamaza. Nikaweka begi chini.

Nilikaa pale miezi mitatu. Nilibeba watoto kumi na mmoja, na saba kati yao walitoka wakiwa hai mikononi mwa watu wao. Kakule alichukuliwa na baba yake mwezi wa tatu, ameanza kucheka tayari, na alipoondoka alinitapikia begani, sikufua ile nguo wiki nzima. Wakati huo wewe ulikuwa umejifungua peke yako, saa kumi na nane za uchungu, ukiniita, Kasereka ameniambia ulivyoniita, na nilipofika na gunia langu la maharage na uongo wangu wa Kamango ulinitazama mara moja tu. Mtoto, ambaye alipaswa kuitwa Agar, ulimpa jina la mama mkwe wako. Sikulalamika. Miaka saba umenisalimia kwa heshima, umeniletea fufu na sombe kila Jumamosi, na hujawahi kukaa. Nilikuwa na haki ya kuwabeba wale watoto, na wewe ulikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilikunyima hata sababu ya kukasirika vizuri. Hilo ndilo kosa langu. Kubaki kule, hapana. Nikirudishwa getini pale leo, nitaweka begi chini tena, lakini nitakupigia simu nikuambie.

Ngojeni… nipumue.

Basi siku ya nne nikaandika. Mstari wa kumi na saba: Ebola, mwaka elfu mbili na kumi na nane, Beni, siku ishirini na tatu, nimepona. Nikaambatanisha nakala ya cheti. Jean-de-Dieu alipokisoma alivuta kiti chake nyuma, kisha akaona aibu akakirudisha. Walinituma kwa daktari wao, Kasonia, mtu mwembamba wa kusema polepole, akasoma kurasa zangu zote nne bila kuinua kichwa.

"Mama, hii ya Ebola, mbona umeiandika? Hakuna mtu angejua."

"Mimi nimejua, docteur."

Akanipima damu, macho, moyo, na ini pia, ini lilikuwa zima mwaka ule, na karatasi inasema hivyo. Akaomba ripoti ya kliniki ya sisi tuliopona. Miezi mitano sikusikia kitu, nikajua wamenikataa, na nikakubali, kwa kuwa kukataliwa kwa jina langu la kweli si aibu. Kisha barua ikaja. Wamekubali. Wameongeza mchango wangu wa kila mwezi, na mnajua ni kwa ajili gani? Tension. Kuhusu Ebola hawakuongeza hata kidogo. Kitu nilichowaficha ninyi kwa miaka mitano, chenye kunikosesha jina la mjukuu wangu, wao walikisoma, wakapiga muhuri, wakageuza ukurasa. Nilicheka barabarani peke yangu mpaka mwendesha pikipiki akapunguza mwendo.

Sasa maagizo. Kasereka, nikiisha kuzikwa, nenda na bahasha ile na cheti cha kifo, uende na ndugu zako wote wawili, majina yenu yameandikwa matatu sawasawa. Watatafuta kama niliwadanganya, ndiyo kazi yao, waacheni watafute. Mkae kwenye viti, msikae kwenye ngazi. Hakuna watakachokuta.

La pili. Mchungaji atasoma maisha yangu mbele ya watu, kama wanavyosoma. Muyisa utaandika wewe, una mwandiko mzuri. Usiandike kwamba niliugua kidogo na kumtumaini Bwana. Andika surua. Andika kifua kikuu. Andika Mumbere na Kambale. Andika Ebola kwa jina lake, na watoto kumi na mmoja, na yasomwe kwa kipaza sauti, hata kama wakwe za Bénite wamekaa mstari wa mbele. Hasa kama wamekaa mstari wa mbele.

Mkono wangu… uinue, Kasereka, hauinuki. Sogea, Bénite. Uweke juu ya kichwa cha mdogo wako huyu. Hivyo.

Mungu aliyenitoa mle ndani akae nanyi. Kasereka, akupe subira, maana nguvu unayo. Muyisa, kakao yako izae, na njia ya Kamango iwe na amani siku zote utakazopita. Bénite… mwanangu Bénite, akupe watoto watakaokuja ukiwaita. Miili yenu ifanye kazi, na ikichoka, msiionee haya.

Wasingya, asanteni. Nimemaliza, nadhani.

Nendeni mkale, ninyi wawili. Chakula… kinapoa. Wewe Bénite usiende. Kaa.