Kijiji Kilichomficha Mwandishi wa Habari

Sabato njema, ndugu zangu! Jina la Bwana litukuzwe, na litukuzwe hata na sisi tunaosimama hapa tukiwa tumechoka. Sitawaficha: neema ninayoishuhudia leo ilinifikia nikiwa nimeudhika kabisa.

Mnajua kwamba mimi ni mkulima wa majani chai hapa Gesima na mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Binti yangu Kemunto alisoma uandishi wa habari, na chuoni alisoma na kijana mmoja kutoka nchi jirani. Nitamwita Fidelis, ingawa hilo si jina lake. Aliporudi kwao aliandika habari za wakubwa waliokuwa wakiuza dawa za hospitali. Mhariri wake akakamatwa. Fidelis akavuka mpaka na nguo alizovaa, na Kemunto akamleta kwetu. Mke wangu Nyaboke alichinja kuku, akatandika kitanda, na tangu siku hiyo kijana akawa wa nyumba yetu.

Ndugu zangu, nilidhani kazi imeisha. Amekula, amelala, ameombewa. Kumbe mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kazi yake hahitaji ugali peke yake! Alihitaji wakili wa kumsaidia kupata karatasi za mkimbizi, maana kibali chake cha kukaa Kenya kilikuwa kinakaribia kwisha. Alihitaji kompyuta, maana ile yake ilichukuliwa. Alihitaji mtu wa kumsikiliza, maana kila akisikia pikipiki barabarani aliacha kula.

Basi tukaanza kutafuta. Kemunto alisema yapo mashirika yanayosaidia waandishi walio uhamishoni, na ni kweli, yapo. Lakini kuyafikia! Ofisi ya kwanza ilijibu kwamba inasaidia walio bado nchini mwao. Nikauliza, akiwa gerezani atawaandikia vipi? Ya pili ikasema inawasaidia waliotoka, lakini walete kazi zao zilizochapishwa. Gazeti lake lilikuwa limefungwa na kurasa zake zote kwenye mtandao zimefutwa! Ya tatu ikasema Kisii na Nyamira ni mahali salama, kwa hiyo hayuko hatarini. Nyingine ilijibu kila barua pepe kwa maneno yale yale ya kutushukuru kwa kuwaandikia. Nilikuwa nikishuka mpaka Kisii mjini, nakaa kwenye duka la kompyuta na miwani yangu, nasoma shukrani!

Ndugu zangu, niliudhika hata nikashindwa kuongoza maombi ya jioni. Nikamwambia Mungu, "Bwana, hawa watu wanamsaidia nani?"

Fidelis naye alikata tamaa. Jioni moja aliniambia, "Mzee, kibali kikiisha narudi nyumbani. Afadhali nifungwe mahali wanapojua mimi ni nani." Tayari alikuwa amefunga mkoba wake. Nilijua akirudi hatutamwona tena.

Wiki hiyo hiyo ikaja simu kutoka ofisi ndogo ya Nairobi, inayoendeshwa na waandishi ambao wao wenyewe walikimbia makwao. Walisema watamtuma mtu bila kutangaza siku, aulize majirani kimya kimya kama kweli kijana huyo ni mgeni na kama kweli yuko hatarini. Nikamsifu Bwana. Nikangoja.

Sasa sikieni mambo ya nyumba yangu! Kabla ya hapo, watu wasiojulikana walikuwa wamekuja na gari kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakimuulizia kijana mgeni. Nyaboke aliposikia, alikusanya akina mama wa kanisa, na akina mama wakawaambia waume zao: yeyote akiuliza, huyu ni mtoto wetu. Mimi sikuambiwa. Walijua nikiulizwa nitasema kweli.

Bi Zawadi, yule aliyetumwa, alipofika mlangoni kwangu alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mzee," akasema, "mtu wenu hayupo. Yupo mjukuu wa jirani yenu Nyamweya aliyekulia Mombasa, ndiyo maana hajui Kikisii."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Shemasi wako. Na mama wa ndizi sokoni amenionyesha nyumba alimozaliwa."

"Nyumba gani?"

"Ile ya mabati mapya. Nikamwambia mbona ni mpya, akasema ya zamani iliungua."

Ndugu zangu, nilishika kichwa! Shemasi! Tena ni mwalimu wa shule ya Sabato! Tumetafuta msaada huu mpaka tumechakaa, na siku unapofika, kanisa zima linaufukuza kwa uongo! Nikamwita shemasi kwa simu, akaja mbio.

"Umemwambia nini huyu mama?"

"Mzee, nitatubu Sabato ijayo," akajibu. "Lakini kwanza kijana awe salama."

Nyaboke akatoka jikoni, mikono kiunoni. "Kwani sisi tunamjua huyu dada? Ameuliza kama polisi. Tungempa kijana kwenye sahani?"

Nikamgeukia Bi Zawadi kumwomba radhi. Nikamkuta anacheka, kisha machozi yakamtoka. Alitwambia kwamba alipokimbia yeye, aliishi mtaa mmoja ambapo jirani aliwaonyesha waliomtafuta mlango wake, akaponea kwa kuruka dirishani. "Sehemu nyingi ninakokwenda," akasema, "nikiuliza tu, naonyeshwa nyumba kabla sijamaliza swali. Hapa nimezunguka tangu asubuhi na hakuna aliyemtoa. Kijiji kizima hakimfichi hivi mtu asiye hatarini. Huo ndio ushahidi nitakaoupeleka."

Fidelis akaingia kutoka shambani. Bi Zawadi alimsalimu kwa lugha ya kwao, na kijana akakaa chini pale pale mlangoni, akalia kama mtoto.

Bwana alitenda! Wakili alisimama naye mpaka akapata karatasi za mkimbizi. Alipewa kompyuta, na mshauri wa kuzungumza naye kwa simu kila wiki. Leo ana meza Nairobi pamoja na waandishi wenzake waliokimbia, na watu wa nchi yake wanasoma tena habari za dawa zao. Hakurudi kwao kufungwa. Yuko hai.

Namshukuru Mungu, namshukuru Nyaboke, na shemasi ametubu mbele yenu nyote, ingawa nilimwona akitabasamu. Nawasihi sasa: ukimpokea mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya kusema kweli, usimwombee tu na kwenda kulala. Muulize anahitaji nini. Keti naye, andika tena, piga simu tena, ofisi ikikunyima tafuta nyingine. Mwamini Bwana hata katikati ya kuudhika. Mimi sikumwomba kwa upole. Nilimwomba nikigonga meza, na alinisikia.