Kuriyagawa Sumie, Aliyejua Pa Kuchota Chuma

Marehemu Kuriyagawa Sumie alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 mtaa wa Wanishi, Muroran, nyuma ya tanuri za chuma, mtoto wa tatu wa Bwana na Bibi Hatakeyama. Kwao nguo zilianikwa nyeupe, zikaanuliwa za kijivu. Majirani walisema alizaliwa amekunja uso, akawa anaukunjua kwa sababu maalumu tu.

Shule ya msingi na sekondari alisoma hapahapa. Mwaka 1968 aliingia chuo cha uhandisi, msichana pekee katika darasa la metali. Siku ya kwanza profesa alimwagiza chai. Akaileta, akaketi mbele yake, akainywa mwenyewe. Profesa huyohuyo ndiye aliyemtafutia kazi, labda ili aondoke.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika maabara ya kampuni ya mabomba ya mvuke. Chuma kikikaa miaka kwenye moto na shinikizo huvutika taratibu, mwisho hupasuka. Kujua kimebakiza umri gani, wengine walikata vipande virefu kama kidole, bomba likabaki na tundu. Marehemu alichota ganda jembamba tu juu ya bomba, akatoa humo kidonge kama kifungo cha shati, akakibana ndani ya tanuri, akakitwisha gololi, akangoja kibonyee hadi kitoboke. Aliviita vidonge hivyo mama wakwe: vinanuna miezi, halafu siku moja vinapasuka.

Bwana Kuriyagawa Genzo, mchomeleaji, alipomposa, aliambiwa alete kwanza kipande alichokichomelea. Kikapimwa. Jibu lilichukua miezi minne, likawa ndiyo. Walioana tarehe 3 Novemba 1976, wakajaliwa binti, Chinatsu.

Sasa tufike mwaka 1997, ambao Mkurugenzi mstaafu wa kampuni hiyo, Bwana Nishikiori, aliyeketi safu ya pili, ameiomba familia iuruke.

Bomba kuu la kituo kimoja cha umeme lilitakiwa kupimwa, na kiungo chake alikichomelea Genzo. Chuma cha namna ile hakichoki katikati ya mchomeleo. Huchoka kwenye ukanda mwembamba ubavuni mwake, pale moto ulipokilainisha, hata fundi awe hodari vipi. Marehemu alipiga chaki hapo. Bwana Nishikiori, akijua kuwa matokeo mabaya yangezima kituo katikati ya baridi, akaamuru ganda lichotwe kiganja kizima pembeni, kwenye chuma kisichoguswa na moto. Marehemu aligoma, kazi akapewa mwingine. Kidonge kikadumu, bomba likapewa cheti.

Februari 1998 likapasuka palepale penye chaki, likamuunguza fundi mmoja mikono. Mkurugenzi akawaambia wachunguzi kwamba mchomeleaji alikuwa mlevi. Marehemu alieleza yote. Wakaandika kwamba mke humtetea mumewe. Genzo, ambaye sake ikimgusa ulimi husinzia, alinyang'anywa leseni. Tangu hapo anachoma mishikaki ya nguruwe.

Marehemu aliulizwa kwa nini haachi kazi. Akajibu kwamba akiondoka, nani atamharibia yule mtu chakula cha mchana? Hadi alipostaafu mwaka 2010 alikula meza moja na mkurugenzi, akimtazama. Mkurugenzi alipohamishia chakula chake ofisini, marehemu alibeba kiti akamfuata.

Mei mwaka huu wa 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Bwana Nishikiori alimtembelea hospitalini na tikiti la bei kubwa kutoka Yubari, Genzo akalipokea.

"Mama Sumie, tuyaache ya zamani."

"Ya zamani yako pale dirishani, yanakumenyea tikiti. Mwambie Genzo ulichota wapi."

"Hapa kuna wauguzi. Nitasema siku ya mazishi, mbele ya watu wote."

"Mazishi ya nani?"

"Jamani. Yako."

"Basi sitachelewa."

Hakuchelewa. Alifariki asubuhi ya tarehe 12 Oktoba. Tikiti hakulionja, wauguzi wanasema lilikuwa tamu.

Ameacha mume, Genzo, binti, Chinatsu, wajukuu wawili, na mpwa wake anayesoma haya. Ameacha pia jina la mumewe likiwa na doa asilolitia yeye.

Kifuniko cha jeneza bado hakijapigiliwa, kinangoja maua. Kabla ya maua, Bwana Nishikiori atasogea kwenye kipaza sauti. Aseme kwa nguvu, sikio la kushoto la Genzo ni zito. Misumari tunayo, haraka hatuna.

Marehemu apumzike akishasikia.