Risala ya Wanabenchi wa Kianda Kuhusu Rangi ya Kibanda Chetu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Trizah Nabwire, mwakilishi wa wadi yetu. Mwenyekiti wetu, fundi wa viatu Awiti. Majirani wote, pamoja na wenzetu mliosimama ng'ambo ya barabara, ambao tunajua mnatusikia:

MAKARIBISHO

Sisi Wanabenchi wa Kianda tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Katibu wetu anaomba radhi sauti yake ikififia, kwa kuwa hajazoea kipaza sauti. Sentensi zinazofuata tumeziongeza kwa kalamu sasa hivi. Umekuja kwa miguu, bila msafara. Msaidizi wako alipouliza, "Madam pia anatoa kiatu?" ulikuwa umeshavua cha kushoto na kumpa fundi, ukamwambia kisigino kimelegea. Tulicheka, na woga ukatutoka. Asante.

TULIKOTOKA

Utaratibu huu wa kiatu una historia yake. Wiki chache baada ya uchaguzi wa 2022, watu wawili walikutana hapa kwa Awiti. Mmoja ni Mzee Gerishon Kiarie, mwenye ploti Kawangware, mteja wa Awiti tangu fundi alipokuwa akifanya kazi huko. Wa pili ni Morris Murunga, seremala, aliyekuwa mpangaji wake. Wakati wa kampeni walikosana kwa sababu ya vyama, Mzee akamwambia Morris atafute nyumba kwingine. Ndipo Morris akahamia Kianda. Siku hiyo kila mmoja wao alikuwa amekaa na kiatu kimoja, kingine kikingoja gundi ishike.

"Ulinifukuza na watoto juu ya kura!" Morris akasema.

"Na wewe ulikuwa unapuliza vuvuzela kwa dirisha yangu asubuhi na jioni!"

Wote wawili wakasimama ili waondoke. Awiti hakuinua hata kichwa. "Mnaenda wapi na mguu moja? Gundi haijashika. Ketini mmalize hiyo maneno."

Wakaketi. Gundi ilichukua karibu saa nzima. Walipoachana hawakuwa wamekubaliana kuhusu vyama, na hadi leo hawajakubaliana, lakini Mzee alikuwa ameomba msamaha. Jumamosi iliyofuata walirudi na viatu vizima, wakavua cha kushoto bila kuambiwa. Tangu hapo, anayetaka kujadili siasa nasi humwachia fundi kiatu kimoja mpaka mwisho, ili asiondoke kwa hasira.

TULICHOPATA

Leo tuko thelathini na wanne, kutoka Kianda, Sarang'ombe, Nyayo Highrise na Kawangware. Kila Jumamosi saa nane mchana tunasoma gazeti kwa sauti. Habari ikikiumbua chama cha mmoja wetu, anaisoma yeye mwenyewe, hadi nukta ya mwisho. Anayetukana mtu badala ya kujibu hoja hupewa brashi, akang'arisha viatu vyote. Adhis, anayetuuzia samaki, amevisugua mara nyingi mpaka Awiti akatishia kumwandika kazi. Yeye hujibu, "Leta brashi, bora nimesema!"

Benchi refu unaloliona alilitengeneza Morris, na aliyemshikia mbao akipiga misumari ni Mzee Kiarie. Walibishana kuhusu bei ya unga kuanzia msumari wa kwanza hadi wa mwisho. Tunalipenda sana benchi hili.

LINALOTUSUMBUA

Tulipokuandikia kwamba mvua hutukatiza mazungumzo, ulitusikia. Mwezi uliopita ulituletea nguzo na mabati, na ndani ya siku mbili kibanda kikasimama. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Tunaomba usisikie lawama katika maneno yafuatayo, kwa sababu hatuna.

Siku ya tatu vijana wa chama chako walikuja na ndoo. Wakakipaka kibanda zambarau pande zote, na mbele wakachora nembo. Hatudhani uliwatuma. Pengine walitaka tu kukufurahisha. Jumamosi hiyo Morris alifika, akakitazama, akavuka barabara hadi kwa mama chapati.

"Nikikaa chini ya hiyo kitu, watu wangu watasema nimenunuliwa," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilituumiza zaidi. Wenzetu kumi na mmoja walimfuata.

Mzee Kiarie ni mfuasi wa chama chako, Mheshimiwa, na hakifichi. Hata yeye alikaa kidogo tu kisha akainuka. "Sasa mimi nabishana na nani hapa? Nyinyi wote mnaniitikia tu!"

Ni Jumamosi ya tatu sasa. Tunasoma gazeti, tunakubaliana kwa dakika kumi, tunarudi nyumbani. Uchaguzi mwingine unakuja. Tunaogopa kwamba maneno yatakapoanza kuwa makali, sisi tutakuwa upande huu na wao upande ule, na hatutakuwa tumezungumza kwa miezi mingi.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi matano, yakiwemo taa na viti vya wazee. Jana tuliyafuta. Tunaomba jambo moja: uturuhusu tukipake kibanda rangi ya kijivu, isiyo ya chama chochote. Rangi Mzee Kiarie ameshaileta. Vijana wametuambia bila neno lako hakuna atakayegusa ukuta, nasi hatutaki kugombana nao, maana ni watoto wetu pia.

Jina lako halitapotea. Litaandikwa kwenye ubao mlangoni, kwamba wewe ndiye uliyetukinga na mvua. Morris ametuma ujumbe kwamba ubao huo atauchonga yeye.

Ikiwa tumekosea kuomba, utusamehe. Ikiwa umekubali, tafadhali usitutume sisi. Wenzetu wakisikia kutoka kwetu watadhani tunawabembeleza. Barabara hii ni nyembamba, Mheshimiwa. Vuka uwaambie mwenyewe. Chai yako tutaifunika isipoe.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako. Awape afya wanaokupenda na wanaokupinga, waendelee kukuambia ukweli.

Ni sisi,
Wanabenchi wa Kianda, wa vyama vyote.

Imesomwa kwa niaba yao na Mukai, katibu.