Mwenye Nyumba Aliyewajua Wapangaji Hadi Kwao

Marehemu Mzee Hezekiah Osundwa alizaliwa mwaka wa 1926 karibu na Shibale, Mumias, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Shikanga na Mama Muhonja. Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la nne, karo ikakosekana. Tarehe 9 Desemba 1950 alifunga ndoa kanisani na Pascalia, wakajaliwa watoto watano: Phanuel, Alice, Phoebe, Priscah na Wanjala.

Kiwanda cha sukari kilipoanza kazi mwaka wa 1973, watu wa hapa walipanda miwa hadi mlangoni. Naye alipanda. Lakini aliwaona vijana wakija kutoka Likuyani, Mautuma na kwingineko, wakipata kazi ya kukata miwa na kukosa pa kulala. "Miwa inataka ningoje karibu miaka miwili," alimwambia mkewe. "Hawa wanataka chumba leo." Akaamua kujenga vyumba vya kukodisha kando ya barabara. Kwa kuwa shamba lilikuwa bado la baba yake, alikwenda kumwomba ruhusa.

"Unaleta watu tusiowajua ndani ya boma," Mzee Shikanga alisema. "Mmoja akifa utamzika wapi?"

"Wenyewe watakuja kumchukua, baba."

"Na asipokuwa na wenyewe?"

"Atazikwa hapa. Nitamzika mimi."

"Umesema wewe, sijasema mimi. Jenga."

Malipo ya miwa ya kwanza yalijenga vyumba viwili vya udongo na bati. Hakuingiza mtu. Alihamia humo mwenyewe msimu mzima wa mvua, leo chumba hiki, kesho kile, ajue panapovuja. Sokoni Mama Pascalia aliulizwa kama wamekosana. Kodi ya hivyo viwili ikajenga cha tatu, na hivyo hivyo hadi vikafika vinane.

Kila mpangaji aliulizwa kwao kabla ya kuulizwa kodi. Kisha Mzee alipanda baiskeli akaenda huko kuwasalimia wazazi. Kuna kijana wa Mautuma aliyekuwa akipanga kuhama bila kulipa. Alipofika nyumbani mama yake alimwambia, "Mwenye nyumba wako amekula ingokho hapa, kuku wa mgeni, akanitengenezea na mlango. Usinitie aibu." Alirudi akalipa, akakaa miaka sita.

Mwaka wa 1978 alikuja Wangila, mkata miwa, akasema kwao ni Chekalini. Mzee akaenda Chekalini. Hakuna aliyemjua. Mama Pascalia, akiwa na wasichana nyumbani, hakupata usingizi. "Mfukuze," alisema, "kabla hatujajua ametoroka nini." Mzee alimwita kijana sebuleni.

"Chekalini hawakujui."

"Nilitaja tu mahali, Mzee. Nililelewa na watu wa barabarani. Kwetu sijui."

"Basi wacha kudanganya watu. Ukiulizwa, sema kwenu ni hapa."

Wangila aliishi chumba namba nne miaka mitano. Alicheza na watoto, na Mama Pascalia mwenyewe akawa anamwekea obusuma, ugali wa jioni, akichelewa shambani. Machi 1983 aliugua homa ya mapafu akafa hospitalini. Hakuja mtu. Wazee wa ukoo walikataa alazwe kati ya makaburi yao, kwa hivyo Mzee alimzika mbele kando ya barabara, mahali ambapo matofali ya vyumba vitatu vipya yalikuwa yamekwisha pangwa.

"Baba Phanuel, umezika vyumba vitatu," mkewe alimwambia.

"Nimezika mtu mmoja. Vyumba nilikuwa bado sijajenga."

Watu walisema wapangaji watakimbia kaburi. Haikuwa hivyo. Kina mama wa mbali walianza kutuma watoto wao kwa Osundwa, wakisema huyo hata ukifa hakutupi. Tangu hapo chumba hakijawahi kukaa wazi mwezi mzima. Yale matofali yalijenga bafu na choo cha wapangaji.

Mwaka wa 1990 Mzee alipooza upande wa kulia. Mama Pascalia alimuuguza kwa upole, na Mzee hakuwa mtu wa kulalamika. Alipoona nguvu zinaisha aliomba azikwe kando ya Wangila. Ndugu yake mkubwa alikuja akamuuliza, "Unaacha baba zetu, unaenda kulala na wapangaji?"

"Yule kijana nilimwambia hapa ni kwao," alijibu. "Nikilala kwingine nitakuwa nilimdanganya."

Ukoo ulikubali. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 5 Septemba 1991, baada ya kunywa chai.

Ameacha mjane wake Pascalia, watoto watano, wajukuu kumi na wanane, na wapangaji wa vyumba vinane, ambao ndio waliochimba kaburi hili. Kina mama, tafadhali washikeni watoto, udongo wa upande huu unateleza.

Kila jioni Mzee alipita akisukuma milango ya vyumba vyote, aone kama imefungwa. Jana Phanuel alipita. Yote imefungwa. Mzee wetu na alale kwa utulivu kando ya Wangila, hapa kwao.