Ishbel Pirie, Aliyegeuka Mwili Mzima

Marehemu Ishbel Nancy Pirie alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika mji wa Gore, kusini mwa New Zealand, mtoto wa pili wa Euan na Nancy Tulloch, wafugaji wa kondoo wa Waikaka. Mama yake alipungukiwa damu wakati wa mimba ile, na muuguzi akamwambia ale maini ya kondoo. Aliyala kila siku. Ishbel alizaliwa pingili tatu za shingo zimeungana.

Alisoma shule ya msingi Waikaka, kisha sekondari Gore. Shingo haikugeuka, hivyo aligeuka mwili mzima. Wavulana walimwita kutoka nyuma, "Ishbel, hebu tazama huku!" Aligeuka taratibu mpaka akawaelekea. "Haya, nimefika. Kuna jipya, au ni sura hizo hizo?"

Mwaka 1980 aliingia chuo kikuu Dunedin, akapata udaktari wa sayansi mwaka 1989, akabaki hapo akichunguza vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai. Alikata kidirisha kwenye ganda akatazama mifupa ikianza. Vitamini A, alisema, ndiyo inayopeleka habari: hapa pawe shingo, hapa kifua, hapa mkia. Ikipungua au ikizidi, mfupa hukosa mahali pake. Kaka yake, Lachlan, aliwahi kumpelekea trei nzima ya mayai ya nyumbani. Hakuna mfupa ulioanza.

"Kaka, haya hayajamwona jogoo!"

"Ulisema mayai. Hukusema harusi."

Harusi ya Ishbel mwenyewe ilifungwa tarehe 18 Januari 1992 katika kanisa la Presbiteri, Waikaka. Alimpata Graham Pirie, mpiga kinanda. Mungu aliwapa binti mmoja, Flora.

Krismasi ya mwaka 1989 alikuwa ameeleza kazi yake mezani kwa wazazi wake. Euan akauliza vitamini hiyo imejaa wapi. Akajibu: kwenye maini. Mama akaweka uma chini.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mama, mayai mia tano naweza kukuambia. Mtoto mmoja siwezi."

"Sijakuuliza habari za mayai."

Ishbel hakujua kusema uongo, hata ule wa kumtuliza mtu. Tangu siku hiyo maini hayakupikwa tena katika nyumba ile. Graham anasema kila usiku Ishbel alimwombea mama yake.

Machi 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Mwishoni alirudi Waikaka, kwenye chumba chake cha zamani. Jumapili tarehe 8 Septemba, baada ya ibada, alimwita mama yake.

"Mama, nina hamu ya maini."

"Maini gani?"

"Yale uliyonilisha."

"Utayatapika."

"Basi nitatapika nimeshiba."

Lachlan alichinja. Mama akayakaanga kwa vitunguu, akamlisha kwa mkono wake. Alikula kidogo sana. Akasema, "Matamu, Mama. Hata mimi ningeyala kila siku." Yaliyobaki kwenye sahani aliyamaliza Mama.

Alifariki Alhamisi tarehe 12, alfajiri. Baba yake alimtangulia mwaka 2006. Ameacha mama, Nancy, mume, Graham, binti, Flora, na kaka, Lachlan.

Mungu aliyeijua mifupa yake kabla ya sisi sote na ailaze kwa amani. Amina.