Kinyumenyume Anaikabidhi Foklifti

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, dereva wetu wa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, katika ghala la saruji na vigae anastaafu. Jina lake lipo kwenye faili. Sisi tunamwita Kinyumenyume, naye huitika bila kinyongo.

Alianza kazi akiwa kijana mwepesi. Enzi hizo kengele ya chakula ikilia, madereva waliruka kutoka kwenye mashine kama waliokimbizwa na nyuki, na aliyetua mbali zaidi ndiye aliyeonekana fundi. Yeye aliwashinda wote. Kilichomponza wala si kuruka. Siku moja, akiwa anapanda, alishika usukani badala ya nguzo ya paa la mashine. Usukani, kwa kuwa kazi yake ni kuzunguka, ukazunguka. Alianguka chali, kifundo cha mguu kikavunjika, akahamishiwa getini kufungua na kufunga. Anasema hajawahi kuchoka maishani kama alivyochoka kukaa kwenye kile kiti cha getini.

Aliporudishiwa mashine alikuwa mtu mwingine. Kwanza anashusha uma wa kubebea mizigo hadi chini, anavuta breki ya mkono, anazima. Kisha anaigeukia mashine uso kwa uso na kushuka kinyumenyume: mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine kwenye mgongo wa kiti, mguu kwenye kipandio. Kati ya mikono na miguu, vitatu daima vimegusa mashine mpaka ardhi ipatikane. Tulimcheka mbavu zikatuuma. Wengine walimwigiza hadi kwenye viti vya kantini. Yeye alikula chakula kilichopoa na hakubadili kitu.

Ofisini alikuwa msumbufu hasa. Alidai vishikio kwa kila mashine, mpira kwenye vipandio, na matambara ya kufuta grisi kwenye buti. Meneja mmoja alikuwa akimwona tu mlangoni anajifanya anaongea na simu. Hatimaye vishikio vililetwa, na tangu hapo hatujampeleka mtu hospitali kwa sababu ya kupanda au kushuka foklifti.

Miaka miwili iliyopita binti yake wa pili alifaulu mtihani wa udereva wa foklifti, akaajiriwa hapa hapa. Tulidhani baba atafurahi, kumbe alianza kukosa usingizi. Mbele yake kila mtu alishuka vizuri, maana hakuna aliyetaka kukemewa. Je, akiondoka? Aliogopa kwamba wataanza tena kuruka, na binti naye ataruka ili asionekane mshamba. Alitueleza hofu hiyo waziwazi.

Wiki iliyopita, akiwa tayari yuko likizo, alikuja bila taarifa kurudisha buti na kofia ya kazi. Mimi, mtunza stoo, nilikuwa naye nyuma ya rundo la vigae kengele ya chakula ilipolia. Binti alishusha uma, akazima. Dereva wa mashine ya jirani, mguu mmoja ukiwa tayari nje, alimpigia kelele afanye haraka, foleni inajaa na leo kuna kuku.

"Kuku ameshakufa, hakimbii," binti akamjibu. Akaigeukia mashine, akashuka taratibu. Yule mwenzake akacheka, akarudisha mguu ndani, akageuka, akashuka kama yeye. Hakuna aliyejua kwamba mzee yupo.

Kinyumenyume alilia, na wala hakujificha. Akafuta macho, akanikabidhi buti.

Kaka yetu, asante kwa kutuvumilia tulipokucheka, na asante kwa miguu mizima ya watu wengi ambao leo wanatembea kwenda makwao. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na wajukuu wasumbufu kama wewe. Nenda kalale usingizi mzima. Binti yako anajua kushuka, na siku hizi ndiye anayetukemea.