Shati la Kaka: Wasifu wa Mpendwa Wetu Mama Pasi

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai wa mpendwa wetu, aliyeitwa Mama Pasi kazini mpaka jina likamganda hata nyumbani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake, ambaye yuko nasi hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Kaka ndiye aliyemfundisha hesabu, na kila akikosea alikula kwenzi. "Ndiyo maana hesabu zangu ziliingia kichwani kweli," marehemu alipenda kusema.

Tarehe 2 Mei 1985 aliajiriwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, akadumu miaka thelathini na miwili. Mwaka 1988 aliolewa na fundi viatu. Siku ya kuja kuposa, fundi huyo alivaa kiatu kilichoachama mdomo. Marehemu alicheka weee, mwisho akakubali. Wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 kaka, aliyekuwa fundi umeme, alipatwa na kiharusi. Hakuwa na mke wala mtoto, hivyo marehemu akamchukua kwake. Ilibidi ageuzwe kitandani mara kwa mara asipate vidonda. Shemeji yake, yule fundi viatu, alimgeuza alfajiri kabla ya kwenda kibandani kwake, mabinti walimgeuza mchana wakitoka shule. Hapo katikati hapakuwa na mtu.

Pale hotelini, wa ofisini akiuguliwa alipiga simu tu, akabaki nyumbani. Wa chumba cha kufulia akitoka kabla ya zamu kuisha, kazi hana. Basi kila saa nne asubuhi Mama Pasi alichomoka mlango wa nyuma, mbio mpaka nyumbani, mbio kurudi, wenzake wakimshikia pasi. Miezi minane Mungu aliwasitiri.

Siku moja alirudi na shati la kaka, bado bichi, alikaushe kwa pasi. Kwa ile haraka akalitia wanga, akalitundika pamoja na nguo za wageni. Mgeni mmoja akalirudisha mapokezi: "Si langu, ila sijapata kuona shati lililonyooshwa hivi."

Msimamizi akamwita ofisini, mhasibu akiwa mezani pake.

"Shati la nani hili?"

"La kaka yangu, bosi."

"Kaka yako amepanga chumba hapa?"

"Amelala nyumbani, bosi. Hata kujigeuza hawezi."

Akaeleza yote, hakuficha, huku akijua kibarua kinaota nyasi. Ndipo mhasibu akaweka kalamu chini.

"Mimi mama yangu nampeleka kliniki ya mgongo kila Alhamisi, saa za kazi. Nani amewahi kuniuliza? Mama yangu ana mgongo, kaka yake huyu hana?"

Msimamizi akalikunja lile shati, akamrudishia. Juma lililofuata tangazo likabandikwa: yeyote mwenye mgonjwa nyumbani, awe wa ofisini, jikoni au wa kufulia, apewe saa moja kila siku. Tunamshukuru mhasibu, na msimamizi pia. Mama Pasi aliwaambia wenzake, "Sasa nitatembea kama bibi harusi. Mbio zilinimaliza nyama."

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Mabinti walimuuguza kwa upendo, wakipokezana. Tarehe 9 Juni 2024, baada ya sala ya asubuhi, aliuliza, "Kaka kageuzwa?" Akajibiwa, "Kageuzwa, mama." "Haya," akasema, akafumba macho.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, wifi anayewasomea haya, na kaka yake. Shati alilovaa kaka leo ndilo lile lile. Jana wanawake wa chumba cha kufulia walikuja kulichukua, wakalirudisha limenyooka.

Mama Pasi, umesimama miaka mingi. Mungu akulaze, upumzike kwa amani.